Mafunjo ya Mwakiro

Ushahidi mkuu dhidi ya Magloire Mushagalusa ulikuwa umetobolewa na panya. Inspekta Ilyasi aliutoa kwenye kabati la ofisi yake mjini Gitega, akauweka mezani. Ulikuwa mfuko wa plastiki wenye unga mweupe, uliokamatwa kwenye kibanda cha mtuhumiwa huko Mwakiro, mkoani Muyinga, ukiwa na karatasi iliyobandikwa juu yake kusema kwamba ni sumu. Kona moja ilikuwa imetafunwa vizuri. Ilyasi akainama, akachungulia chini ya kabati. Mavi ya panya yalikuwa tele, lakini panya aliyekufa hakumwona hata mmoja.

Akachovya ncha ya kidole, akaonja. Ulikuwa unga wa muhogo, tena wa kawaida kabisa.

Kesi yenyewe ilikuwa imeshaiva kabla haijamfikia. Katika kambi ya waliohamishwa na vita huko Mwakiro watu walianza kuhara damu, na kadhaa wakafa. Mama mmoja, Bernadette, aliyefiwa na mtoto, alimshtaki Magloire, mchuuzi wa Kikongomani aliyekuwa akiuza samaki wakavu na unga pale kambini, kwamba alitia sumu mtoni. Magloire akakimbia mpaka nyumbani kwake Yoba, hapa hapa Gitega, na ndipo alipokamatwa. Sasa mwendesha mashtaka alitaka arudishwe Muyinga kwa msafara wa magari ya jeshi wa mwisho wa wiki, isipokuwa kama Ilyasi angepata sababu ya kumwachia. Kambini watu walikuwa wameapa kwamba hafiki mahakamani. Hilo kila mtu ofisini alilijua, na kila mtu alilizungumza huku akitazama pembeni.

Ilyasi hakupenda kesi zilizoiva bila yeye kuwepo jikoni. Akaagiza mtuhumiwa aletwe.

Magloire aliingia akiwa na shati lililokosa vifungo. Alikuwa mtu mnene aliyepungua haraka, ngozi ya mashavu ikabaki inaning'inia.

"Mukubwa, mi nilishasema yote."

"Ulisema mara mbili, na kila mara tofauti," Ilyasi alijibu. "Kwanza hukukanyaga mtoni. Halafu ulienda kunawa uso. Kuna mtu aliyekuona alfajiri umeinama majini, na kesho yake vyura walikuwa wanaelea. Niambie ya tatu, na iwe ya mwisho."

Magloire alifuta midomo. "Nilikuwa naloweka muhogo. Ile muchungu. Unaitia ndani ya maji mpaka inalainika, unaitoa, unaanika, unasaga. Kule kwetu Bukavu hakuna mutu ataona hiyo iko ajabu."

"Na vyura?"

"Ile maji ya muhogo iko mbaya kwa vyura na kwa samaki kidogo kidogo. Batu wote banajua."

"Mbona hukusema tangu mwanzo?"

"Bakubwa ba komine balikataza kuloweka mtoni. Niliogopa batanifunga."

Ilyasi aliangalia ukuta wa kulia, kisha wa kushoto, kisha dirisha lenye vyuma. Magloire naye akaangalia, akaelewa, akacheka kidogo bila furaha.

"Uliloweka wapi? Juu ya mahali wanapochota maji, au chini?"

"Chini, mukubwa. Chini kabisa, pale kuko daraja ya miti."

"Una hakika?"

"Juu ningeloweka namna gani? Juu kuko matope, pale madamu Elyse alipanda mafunjo."

Ilyasi aliinua kichwa. Jina hilo halikuwamo katika maelezo yoyote aliyotumiwa. Akauliza, na Magloire akamwambia kwamba madamu huyo ni mtaalamu wa mimea, anakaa Giheta, na ndiye aliyepanda mafunjo kati ya vyoo vya kambi na mto, kabla barabara haijaharibika kwa vita. Tangu hapo hakuonekana tena.

"Mukubwa," Magloire alisema alipokuwa anasimamishwa, "banirudishe popote, mais siyo kule. Kule sitashuka kwenye gari."

Ilyasi hakumwahidi kitu. Ahadi za ofisi ile zilikuwa nyingi kuliko wino.

Giheta haiko njia ya Muyinga, na petroli ya miaka ile ya vikwazo vya biashara ilitolewa kwa machozi, lakini Ilyasi alikwenda. Alimkuta Elyse kwenye kitalu chake nyuma ya nyumba, mwanamke mrefu mwenye buti za mpira, anamwagilia miche iliyopangwa mistari mistari. Alipoambiwa watu wanakufa Mwakiro, aliweka chini ndoo.

"Kuhara damu? Kutoka mto ule?"

"Ndivyo wanavyosema. Wanasema ni sumu ya Mkongomani."

"Oya, hapana. Mto ule nilikuwa nimeukinga."

"Nieleze ulivyoukinga. Nieleze kama mtu asiyejua kitu, kwa sababu ndivyo nilivyo."

Elyse akamkaribisha kwenye ukingo wa dimbwi dogo lililokuwa na mafunjo yaliyowapita wote wawili kimo. "Sikuchagua mmea kwa jina, Inspekta, wala kwa uzuri. Nilichagua kwa kazi. Nilijiuliza: yale maji machafu yanayoteremka kutoka vyooni yanahitaji nini? Yanahitaji kupunguzwa mwendo. Donc, basi, nikataka mashina yaliyosongamana. Yanahitaji tope lenye hewa, maana vidudu vinavyokula uchafu vinataka kupumua. Donc nikataka mmea unaoteremsha hewa mpaka kwenye mizizi. Na nikataka uwe unakua upesi, kwa sababu watu walikuwa wanafika kila siku."

"Na mmea mmoja una hayo yote?"

Elyse alikata shina moja kwa kisu, akampa. "Bonyeza."

Ilyasi akabonyeza. Ndani palikuwa peupe, pepesi, penye vitundu vidogo vidogo, laini kama godoro jipya.

"Hayo ndiyo mapafu yake," Elyse alisema. "Hewa inaingia juu, inashuka humo mpaka topeni."

"Na matete je? Yako kila bonde."

"Matete nayo yana mapafu. Lakini ni magumu, na pale yangechelewa kusongamana. Niliona mafunjo yatatufaa zaidi."

"Yanaweza kuacha kazi yenyewe tu?"

"Yakiachwa yalivyo, hapana."

"Basi tukaone kama yameachwa," Ilyasi alisema. Elyse hakusubiri kuombwa mara ya pili. Aliingia ndani, akatoka na koti.

Walisafiri nyuma ya malori mengine ya jeshi, kabla ya msafara wa mwisho wa wiki, polepole, mpaka Muyinga, na asubuhi iliyofuata wakafika Mwakiro. Kambi ilikuwa imetandazwa kwenye mteremko, vibanda vimefunikwa kwa shitingi za bluu zinazong'aa kwa umande. Wanawake walikuwa wanapepeta maharage. Kiongozi wa kambi, Léonard, mwanaume mwenye koti la suti na kandambili, aliwapokea kwa adabu yote na kuwauliza kabla hawajakaa kama mhalifu ameletwa.

"Bado," Ilyasi alisema. "Kwanza nionyeshe maji."

Walianza juu, kwenye vyoo, wakateremka kufuata mfereji. Ilyasi alitaka kwenda kwa mpangilio, akatembea mbele ya wengine. Baada ya mfereji pakaja bonde dogo ambapo mafunjo yalipaswa kuwa yamesimama. Hayakuwepo. Palikuwa na maji meusi yenye povu, yakipita moja kwa moja mpaka mtoni kama vile hapajawahi kuwa na kizuizi. Elyse alisimama ukingoni, mkono mdomoni. Alikuwa anataka kulia na hakuficha.

Mbele kidogo ilikuwa sehemu ya kuchotea maji, yenye mawe yaliyolainishwa na miguu. Kisha, mbali zaidi, daraja la miti, na chini yake shimo ambamo bado palikuwa na maganda ya muhogo.

"Léonard," Ilyasi aliuliza, "maji ya mto huu yanaenda upande gani?"

Léonard alimwangalia kama aliyeulizwa jina la mamake. "Yanashuka huku."

"Na watu wanachota kule juu. Muhogo uliolowekwa hapa umewafikiaje?"

Léonard akanyoosha kidole kuelekea kibanda cha Magloire. "Mais, lakini, kuko ule unga."

"Unga wanaula panya wa ofisi yangu. Wananenepa."

Wakarudi kwenye bonde jeusi. Elyse alikuwa ameshavua buti na kuingia majini mpaka magotini, anapapasa chini. Akatoa kisiki cha funjo, cheusi, kilichooza, akakinusa.

"Yamekatwa," alisema. "Chini ya maji. Angalia, yote."

"Kuna tofauti?"

"Kubwa. Ukikata juu ya maji, linachipua tena. Ukikata chini ya maji, maji yanajaa kwenye vile vitundu, hewa haishuki tena. Ni kumziba mtu pua. Ukirudia mara mbili tatu, mizizi yote inaoza."

"Ni askari," Léonard alisema haraka. "Kuko posti yao pale juu. Walikata ili waone mbali, adui asijifiche."

Ilyasi alichukua kisiki kile, akakigeuza. Mkato ulikuwa safi, wa mundu uliovutwa mara moja. "Askari anayetaka kuona mbali anakata akiwa amesimama, kwa panga, kwenye kimo cha goti. Haingii kwenye maji ya choo na kuzamisha mkono mpaka kwapani. Aliyekata hapa alikuwa anatafuta urefu. Hakutaka kupoteza hata kidogo cha shina." Akamtazama Léonard. "Nani alihitaji urefu?"

"Sijui, Inspekta."

"Mapaa?"

"Tuko na shitingi."

"Miti ya kusimikia maharage?"

Elyse alitikisa kichwa. "Mashina haya yangevunjika kabla ya ua la kwanza."

Ilyasi akakumbuka shina la Giheta, ule ulaini kati ya vidole vyake. Akauliza kama anaweza kuona vibanda ndani. Léonard alisitasita, kisha akamruhusu. Waliingia cha kwanza, cha pili, na vingine zaidi. Kila mahali watu walikuwa wanalalia magunia na nyasi kavu. Katika kibanda kimoja mtoto alilala kwenye katoni la sabuni.

Ilyasi alitoka nje, akasimama kati ya wanawake wa maharage. "Bonde zima la mafunjo limekatwa kwa mundu wa mfumaji," alisema kwa sauti ya kawaida. "Nimeingia nyumba zenu, sijaona mkeka hata mmoja. Mikeka iko wapi?"

Nyungo zilisimama. Léonard alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu.

"Njoo," alisema mwishowe.

Aliwapeleka nyuma ya kambi, penye vichaka vya migomba. Makaburi yalikuwa mistari miwili, mapya zaidi yakiwa upande wa barabara.

"Wa mwanzo walikufa kwenye shambulio," Léonard alisema. "Usiku mmoja. Mbao za sanduku hakuna, nguo hakuna. Zamani tulikuwa tunakata kwenye bonde kubwa kule chini, lakini askari wamelifunga, kule wanapita watu wa porini. Sasa tungewazika namna gani, Inspekta? Mtu bila ikirago, bila mkeka, unamtupa tu kwenye udongo?"

"Mkakata ya karibu."

"Ego, ndiyo. Tukakata ya karibu. Halafu ugonjwa ukaja, na kila aliyekufa tukamkatia."

Elyse alikaa chini juu ya udongo. Ilyasi aliyatazama makaburi ya mstari wa kwanza, ya waliokufa kwa risasi, kisha ya mstari wa pili, na akauona mkondo wote: mikeka ya wa kwanza ilifungua njia ya uchafu, uchafu ukaleta maiti, maiti wakadai mikeka. Kila heshima iliita kifo kingine. Alitamani kwa dhati kuwa amekosea.

"Nani anafuma?" aliuliza.

"Mama Bukuru," Léonard alisema. "Bernadette. Yule aliyemshtaki. Leo anafuma, kuko mzee amefariki asubuhi."

Bernadette alikuwa amekaa mbele ya kibanda chake, miguu imenyooshwa, mkeka uliofika nusu juu ya mapaja. Mundu ulilala kando. Nyuma yake, kivulini, msichana mdogo alilala akiwa macho, akinywa maji kidogo kidogo kutoka kikombe cha bati. Huyo alikuwa Bukuru. Pacha wake, Butoyi, ndiye aliyekuwa kwenye mstari wa pili.

"Pole na msiba, mama," Ilyasi alisema, akachuchumaa.

"Umemleta?"

"Hapana. Nimekuja kukwambia kwa nini."

Akamweleza kuhusu muhogo, daraja na mto unaoshuka. Alieleza taratibu, bila maneno ya ofisini. Bernadette alisikiliza bila kuacha kufuma, vidole vikipanda na kushuka.

"Basi siyo yeye," alisema. "Ni nani?"

"Hakuna aliyetia sumu."

"Watu hawahari damu bure, Inspekta."

"Uchafu wa vyoo uliingia mtoni. Mafunjo ndiyo yaliyokuwa yanauzuia. Yamekufa."

"Yamekufa na nini?"

Ilyasi aliwahi kuwabana wezi wa magari na muuaji mmoja, na hakuwahi kukosa swali la kufuata. Sasa aliyekuwa anauliza ni Bernadette.

"Ni askari, mama Bukuru," Léonard aliingilia. "Askari walikata."

"Siyo askari," Ilyasi alisema kwa upole. Asingeweza kuuacha uongo ule usimame, hata kama ungempunguzia mzigo.

Vidole vya Bernadette vikatulia. Aliangalia mkeka, akaangalia mundu, kisha akageuka kumtazama Elyse, aliyekuwa bado na tope miguuni.

"We ndiye uliyapanda. Sema we."

Elyse alipiga magoti mbele yake. "Shina lake linabeba hewa. Ndiyo maana linasafisha maji. Na ndiyo maana ni laini na jepesi, linafumika vizuri. Ni sifa ileile, mama. Mi nilipima kila kitu juu ya mmea huu, nikasahau kuuliza watu wanaufanyia nini. Ningeuliza, ningewapandia mengine pembeni ya kufumia, na pale ningeweka matete. Ningetafuta chenye mapafu yaleyale lakini kisichofumika. Kosa liko kwangu."

"Oya," Bernadette alisema. "Mi ndiye nilionyesha wengine namna ya kukata. Mkono unaingia mpaka hapa, ndani ya maji, ili urefu umfikie mtu miguuni. Nilisema hakuna atakayezikwa miguu iko nje." Akauweka mkeka kando. "Na wa Butoyi nilimfumia mwenyewe. Ulikuwa mzuri kuliko yote."

Hakuna aliyethubutu kumgusa. Ndani, Bukuru aliweka kikombe chini, na sauti ya bati ikasikika wazi.

Ilyasi akatoa karatasi ya maelezo na kibweta cha wino, akaviweka juu ya ubao wake mdogo wa kuandikia. "Mama, siyo lazima watu wote wajue. Nitaandika tu kwamba umeondoa mashtaka. Magloire ataachiwa, nami sitaandika sababu."

"Na kesho?"

"Kesho?"

"Kesho akifa mwingine, watakwenda kukata. Hata machache yaliyobaki kandokando ya mto. Wataniletea nifume, na mi nitawaambia nini?" Alitazama kivulini. "Huyu anakunywa ile maji."

Akachukua karatasi, akamwomba Ilyasi amwonyeshe mahali, akabonyeza dole gumba kwenye wino na kwenye karatasi, kwa nguvu, mpaka ubao ukatikisika. Kisha akasimama. Aliingia ndani, akatoka na kitenge cha kijani kilichokunjwa vizuri, bado kina harufu ya duka. Ilionekana wazi kwamba hakijawahi kuvaliwa.

Wafiwa walikuwa wameshakusanyika mbele ya kibanda cha marehemu, wanasubiri mkeka. Bernadette alikwenda moja kwa moja mpaka kwa mjane, kikongwe aliyekaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Kambi nzima ilimwona anakuja mikono haina mkeka, na minong'ono ikaanza.

"Yule mtu wa Bukavu hana kosa," Bernadette alisema, sauti yake ikifika mpaka kwenye nyungo. "Sumu hakuna. Mafunjo ndiyo yalikuwa yanatusafishia maji, na mi niliyaua, na ninyi mlinisaidia. Hatukujua tulikuwa tunafanya nini. Mi pia sikujua. Maji mtachemsha, hata kama kuni ni za kuomba kwa askari. Na kuanzia leo hakuna mundu unaingia bondeni."

"Na mzee wetu?" mwanaume mmoja aliuliza kwa hasira. "Azikwe kama mbwa?"

Bernadette akamnyooshea mjane kitenge. "Mama, mkeka ninao nusu tu, na sitaumaliza. Nakuomba umfunike na hiki."

Kikongwe hakukipokea mara moja. Alikipapasa ukingo kwa vidole, akakifungua kidogo kuona kama kinatosha urefu, akakipima kwa mkono wake, kutoka kidole mpaka bega, mara moja na tena.

"Miguu itafunikwa," alisema, akakichukua.